SOMO: Kichezeo cha mtoto kikague kwa mikono kabla hujalipa

Wanachama, habari za leo. Sikukuu zinakaribia na machinga wa Kariakoo wameshatandaza midoli hadi barabarani, kwa hiyo somo hili limekuja kwa wakati wake. Tunazungumzia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 5. Msimamo wangu nausema mapema: bei haipimi kitu. Toi inayoimba, inayowaka taa na kutembea yenyewe humwachia mtoto kazi moja tu, kutazama. Mnunulie kitu ambacho hakifanyi lolote mpaka yeye akifanyie.

Hatua ya 1: Anza na mdomo wake
Chini ya miaka 3 kila kitu huonjwa. Chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Upana wake ni kama sentimita 4. Chochote kinachopita humo, mtoto wa umri huo asipewe. Wapimaji wa viwandani hutumia kibomba chembamba zaidi, milimita 31.7, kwa hiyo hiki cha nyumbani ni kikali kuliko chao, na ndivyo ninavyotaka. Gololi inapita. Kizibo cha chupa ya maji kinapita. Gurudumu la kigari cha plastiki likichomoka, nalo linapita.

Puto nalitaja peke yake kwa sababu tunalidharau. Likipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Kipande cha mpira laini kikinasa kooni hujikunja kufuata umbo la koo na kukitoa ni kazi.

Hatua ya 2: Vuta, sugua, sikiliza
Vuta macho ya mwanasesere, vifungo na mshono. Kikilegea dukani, nyumbani hakimalizi wiki. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe chenye unyevu; ikitoka, rudisha. Rangi isiyotoka bado inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto na hayaonekani kwa macho, kwa hiyo kichezeo cha zamani kinachobanduka rangi kitupe, usimrithishe mdogo wake. Chenye kelele kiweke karibu na sikio lako wewe. Kikikukera, jua mtoto atakishika karibu zaidi ya hapo.

Kuhusu alama: uso wa mtoto ndani ya duara jekundu lililokatwa mstari, pamoja na 0-3, maana yake KISIPEWE mtoto wa chini ya miaka 3. Utasikia muuzaji akiisoma kinyume na kukuambia "hii ndiyo saizi yake". Nembo ya CE nayo ni tamko la mtengenezaji kwa ajili ya soko la Ulaya. Hapa kwetu tafuta nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na hata ukiiona, vuta macho ya mwanasesere vilevile.

Hatua ya 3: Betri bapa na sumaku
Hapa naomba tutulie. Zile betri za duara zinazong'aa kama sarafu, za rimoti, saa na vitabu vinavyoimba, ndizo ninazoziogopa kuliko kitu kingine chochote sokoni. Ikikwama kooni, mate hukamilisha mzunguko wa umeme na koo huanza kuungua. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha kubwa. Betri iliyokwisha nguvu huunguza pia. Kwenye kichezeo, mfuniko wa betri lazima ufungwe kwa skrubu. Ukifunguka kwa ukucha, kiache hapohapo mezani kwa muuzaji.

Vipande vidogo vya sumaku kali ni hivyo hivyo. Mtoto akimeza viwili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Hatua ya 4: Kagua vya nyumbani pia
Kopo la plastiki la siagi, mwiko, sufuria nyepesi, kanga ya kujifichia: hivyo vinatosha mwaka mzima wa kwanza. Kopo la bati lenye ukingo mkali, hapana. Chupa iliyowahi kubeba dawa ya shamba au ya mende, hata ukiiosha mara kumi, hapana.

Hatua ya 5: Cheza naye
Mtoto mchanga anataka uso wako na sauti yako. Akianza kukaa, ficha mwiko chini ya kanga aufukue. Mwaka 1 hadi 2, toboa mfuniko wa kopo la siagi atumbukize vipande vya mti visivyopita kwenye kibomba cha hatua ya 1, amwage, arudie. Maji kwenye beseni ni raha, ila usiondoke hata kufuata simu, na beseni limwagwe mkimaliza. Miaka 3 na kuendelea, chezeni duka, na chezeni Nyama Nyama: wewe unataja majina, yeye anaitikia "nyama!" kwa mnyama anayeliwa tu. Mchezo huu naupenda kuliko kadi zote za herufi: mtoto anayejizuia kuitikia "nyama!" ukitaja kiti anajifunza kusikiliza kabla ya kujibu, na darasa la kwanza linadai hilo kabla ya kusoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa mapacha, Tabora: Mwalimu shikamoo. Wanangu wana miezi 8. Niwanunulie woka (kigari cha kujifunzia kutembea) watembee mapema?
Jibu: Marahaba. Usinunue. Haiharakishi kutembea, na humfikisha mtoto kwenye jiko la mkaa au ngazi kabla hujageuka. Kanada waliipiga marufuku mwaka 2004. Tandika mkeka, watambae.

Baba wa Mbagala: Tunafundisha kuhesabu kwa maharage. Juzi wa miaka 3 kaingiza moja puani.
Jibu: Pole. Usichokonoe kwa pini wala kutia maji, haragwe litavimba. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuhesabia tumia mawe makubwa yasiyopita kwenye kibomba cha hatua ya 1.

Dada wa Tanga: Akipaliwa na kitu, nifanyeje?
Jibu: Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa au kulia, mwinamishe kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5. Chini ya mwaka 1, kisha mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Zaidi ya mwaka 1, simama nyuma yake umkandamize juu ya kitovu kwenda ndani na juu, mara 5. Rudia kwa zamu huku mwenzako akitafuta usafiri; akipoteza fahamu, anza kumhuisha kwa kubonyeza kifua. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma. Betri iliyomezwa ni tofauti: hospitali moja kwa moja, apigwe eksirei, usimtapishe.

Dada wa Tanga: Na katuni za kwenye simu, si nazo zinafundisha?
Jibu: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka 2 skrini isitumike, na miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ukimpa, kaa naye muulize anachokiona. Na mfuniko wa betri wa rimoti ya televisheni, ufunge kwa selotepu leo.