Cheki sumaku ya jua kabla hujapima kiwanja na GPS
Mnaopima viwanja huku Dodoma, kabla hujabeba mashine kwenda Ihumwa fungua simu ucheki Bz, yaani uelekeo wa sumaku inayokuja na upepo wa jua (chembe zinazotoka kwenye jua), ikisoma hasi, tuseme nanotesla -10, na ikakaa hivyo masaa kadhaa basi imegeukia kusini na inashikana na sumaku ya dunia, ila ikiwa chanya hata upepo uwe mkali mara nyingi unapita tu. Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, ikifika 5 hiyo dhoruba ya sumaku tayari, na inavuruga mawimbi ya GPS. Mwezi wa tatu na wa tisa kuweni makini zaidi jamani, jinsi dunia ilivyoinama kipindi hicho inarahisisha huko kushikana. Namba za GPS zikicheza, acha, rudia kesho asubuhi kwenye bikoni (alama ya mpaka) ileile, kiwanja cha mtu hicho.