Kumtafuta babu: anza kwa shangazi, masjala baadaye

Nimefanya kazi masjala miaka 29, nikifungua na kufunga mafaili ya watu. Nilipostaafu ndipo nikagundua kuwa babu yangu mwenyewe simjui. Nilikuwa na jina lake moja, na habari kwamba alikuwa kuli bandarini. Basi. Sasa ni mwaka wa tatu, nimeshafika kwa baba yake. Majirani hapa Mbagala huniuliza nilianzaje, na mimi huwaambia hivi.

Nunua kaunta buku. Kila mtu mpe kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika kilichosemwa, nani kasema, siku gani. Kulia acha wazi mpaka uone karatasi inayothibitisha. Rekodi na simu pia, lakini simu huibwa kwenye daladala, kaunta buku hakuna anayelitaka.

Halafu nenda kwa wazee, na usimuulize mzee mwaka. Nilifanya kosa hilo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Babu alikuja Dar mwaka gani?"

"Miaka mie naijulia wapi? Kasome wewe uliyesoma."

Wiki iliyofuata nikaja na samaki, nikakaa naye jikoni, nikabadilisha swali: je, babu alipofika mjini, ile sanamu ya askari aliikuta? Akacheka. Akasema babu alikuwa akisimulia alivyoiona ikiwa imefunikwa nguo, watu wamejaa barabarani. Sanamu hiyo ilizinduliwa 1927. Kwa hiyo mwaka huo alikuwa yupo mjini, na nimepata jibu bila kutaja mwaka hata mmoja.

Misumari ya namna hiyo, ya kutundikia miaka, Dar iko mingi. Mgomo wa makuli wa 1947. Uhuru, 1961. Mtu akisema mwanawe kazaliwa "Princess Margaret", anataja Muhimbili kwa jina la miaka ya mwisho ya mkoloni. Akisema "Sewa Haji", huenda ni zamani zaidi, ila uliza tena kwa sababu jina hilo bado liko kwenye jengo la wodi hapo hapo Muhimbili. Barua ikitaja Kichwele, hiyo ni Mtaa wa Uhuru wa leo. New Street ni Lumumba.

Jihadhari na maneno ya undugu. Kwetu baba mkubwa ni baba, na kaka yake babu naye ni babu. Kila ukitajiwa ndugu uliza: baba mmoja, mama mmoja? Nilimweka mtu mmoja kuwa ndugu wa babu kwa miezi minne, kumbe walipanga chumba kimoja Kariakoo.

Majina matatu tuliyozoea, lako, la baba na la babu, yanakupa vizazi vitatu bure. Ila jina la kazini huenda si la nyumbani. Babu kwao aliitwa Tabu, kwa sababu alizaliwa wakati wa shida. Bandarini aliandikwa Salumu. Ofisi moja, siitaji, iliniambia nirudi kesho mara sita, na mara zote sita nilikuwa natafuta mtu asiye na faili, kwa kuwa Tabu hakuandikwa popote. Uliza mapema: mzee alikuwa na majina mangapi, na nani alimwita lipi?

Sasa karatasi. Watu hukimbilia vyeti vya kuzaliwa, na wazee wetu wengi hawakuandikishwa kabisa. Mimi nasema tafuteni mirathi. Mzee akifa na kuacha hata banda la makuti, ukoo hukaa kikao, muhtasari ukaandikwa, ukapelekwa mahakamani ili msimamizi athibitishwe. Ndani yake mna wajane, watoto na waliohudhuria. Mirathi za Kiislamu na za kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Siku hizi kwa Dar kuna pia Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke. Ukienda mikono mitupu utasumbuka bure. Unahitaji namba ya shauri na mwaka wake, na mara nyingi nakala iko nyumbani, chini ya sanduku la mtu aliyewahi kugombea kiwanja. Ndugu mgomvi ndiye mtunza nyaraka wa ukoo, mpende usimpende.

Ya babu, ya 1971, niliikuta kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti za kodi. Kurasa mbili za taipu, chini yake dole gumba la bibi kwa wino wa zambarau, mistari yake inahesabika. Juu ya dole hilo mna jina la mjane wa pili, mkazi wa Kilwa, ambaye hajawahi kutajwa nyumbani kwetu. Nikampelekea shangazi. Akatazama, akarudi kwenye nazi yake. "Ah, yule. Mbona hamkuuliza?"

Angalia pia jalada la msahafu wa zamani. Kwenye wa kwetu, kwa herufi za Kiarabu, imeandikwa siku aliyozaliwa shangazi huyo huyo: Rajabu 1357. Ukigeuza, ni kati ya mwisho wa Agosti na Septemba 1938. Kitambulisho chake kinasema Januari mosi, 1945. Mzee akikwambia "mfungo sita", anahesabu kuanzia Shawwal, kwa hiyo ni mwezi wa Maulidi.

Nyaraka za Taifa, Upanga, nenda mwisho, ukishakuwa na jina, kijiji na miaka. Huko kuna mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza. Ya Mjerumani yako kwa Kijerumani, na tahajia ni yao: Dar ni "Daressalam", na sh huandikwa sch. Tamka kwa sauti kabla ya kusema jina halimo.

Kijijini usiulize kaburi liko wapi. Uliza kabla ya Operesheni Vijiji, ile ya 1973 mpaka 1976 ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, watu walikaa wapi, kisha omba wakupeleke mahameni, pale walipohama. Sisi tulipandia gari Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala, kwenda Mkuranga, tukatembea saa nzima hadi penye miembe mitatu iliyopandwa kwa mstari. Mwembe haujipangi wenyewe. Makaburi yalikuwa nyuma yake.

Na mzee akinyamaza ukimuuliza mama yake babu alitoka wapi, mwache. Pwani hii utumwa ulifutwa kisheria 1922 tu, na wapo waliolelewa wasilitaje jambo hilo. Ukurasa wa mama yake babu kwangu una neno moja upande wa kushoto, "bara", alilolisema shangazi akiwa amenipa mgongo.