Polenta ya jibini isiyokuwa nzito, pika nyumbani

Jamani hii polenta ni chakula cha Wataliano wa kaskazini, lakini ukiitazama vizuri ni ndugu yake sembe tu, mahindi na maji, ila yao ni mahindi ya njano yaliyosagwa chenga chenga na hii ya leo haisongwi ikashikana, inabaki laini ya kula kwa kijiko. Mie nimeijua kwa wifi yangu anayepika hoteli moja Kiwengwa, na kule inatiwa siagi, krimu na jibini mpaka ukila kidogo ushalemewa. Kwao Italia, mkoa wa Valle d'Aosta, kuna mpaka inayoitwa polenta concia, hiyo siagi na jibini ndo zenyewe khasa.

Sasa nyumbani bi mkubwa wangu tumbo halihimili mafuta, nikawa naipunguza kidogo kidogo mpaka nikaona ulaini hautoki kwenye krimu kabisa, unatoka kwenye mahindi yenyewe yakipewa maji na muda. Chenga ikipikwa mbio mbio haijanywa maji, inabaki inakwaruza ulimi, ndo watu wanaificha kwa krimu.

Kwa watu wanne chukua chenga za njano kikombe 1, maji vikombe 4, maziwa yaliyopunguzwa mafuta kikombe 1, na jibini ya kukwaruza gramu 50 hivi. Usitumie sembe laini, utapata uji au ugali. Chenga uziroweke usiku na maji kikombe kimoja katika yale manne, zinawahi kuiva.

Maji yaliyobaki yachemshe, halafu mimina zile chenga na maji yake huku unakoroga, kama unavyoanza uji, hivyo haifanyi madonge. Ikianza kutokota punguza moto sana, maana inaruka na ikikurukia mkononi inaunguza vibaya, funika, kila baada ya dakika chache funua ukoroge kwa mwiko mpaka chini isishike ukoko. Dakika 30 mpaka 40. Ikikaza kabla haijaiva ongeza maji ya moto, siyo ya baridi. Maziwa tia dakika kumi za mwisho, mapema yanaungua chini.

Jibini ndo penye siri. Chagua iliyokomaa, kali, cheda ya zamani kwa mfano, kidogo tu inasikika. Epua kwanza, ndo uitie, ukiipika motoni inajitenga mafuta na kuvutika kama mpira. Chumvi onja baada ya jibini maana ina yake, kisha pilipili manga na thomu moja iliyochomwa ukaiponda. Siagi sitii, kijiko kimoja cha chakula ni kalori 100 hivi na hapa haina kazi.

Na kwa tunaoangalia halali, Parmigiano Reggiano, ile jibini ngumu ya Wataliano, inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, ndo sheria yao, kwahiyo mie nasoma lebo natafuta iliyogandishwa kwa kimeng'enya kisichotoka kwa mnyama.

Kula na mchicha na tungule za kukaanga, au changu wa kuchoma. Mchuzi wa nazi siku hiyo uache, utarudisha mafuta yote tuliyoyatoa.

Ikibaki itandaze kwenye siniya ikiwa moto, iache igande kwenye friji, asubuhi kata vipande uvichome kwenye kikaango na tone la mafuta mpaka vipige wekundu, na chai ya tangawizi pembeni.