Nusu marathoni Mwanza: miguu ya kilomita 15 hutunzwa kilomita ya kwanza

Mkimbiaji wa ridhaa anayejiandaa kukimbia Mwanza huogopa vilima, lakini vilima haviangushi watu wengi. Wengi huangushwa na kilomita 3 za mwanzo, pale muziki unapolia, hewa ya ziwani bado ina ubaridi na umati mzima unatoka nduki. Kilima kinakuja baadaye kudai deni.

Hesabu ifanyike nyumbani. Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Ukitaka kumaliza kwa saa 2 kamili, wastani wako ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Kwa saa 2 na dakika 15, ni dakika 6 na sekunde 24. Iandike namba yako mkononi kwa kalamu, halafu kilomita 3 za kwanza nenda taratibu kuliko hiyo kwa sekunde 15 hadi 20. Watakupita wazee, watakupita na watoto waliovaa makubazi. Waache wapite. Mtu akitoka kwa kasi, misuli inachoma wanga wake mapema, na akiba hiyo hairudishwi njiani kwa ndizi moja. Kipimo rahisi ni mdomo wako: kama huwezi kutamka maneno saba au manane mfululizo bila kuhema katikati, umeshazidisha.

Hilo linawahusu zaidi wanaotoka Dar es Salaam au Tanga. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Si mlima, lakini pumzi ya mtu wa pwani inakatika mapema kuliko alivyozoea. Fika siku chache kabla, au kubali kupunguza mwendo.

Vilima vya mazoezi havina shida hapa: Capri Point, Isamilo, au kupanda Bugando. Unapopanda, fupisha hatua, tazama kama mita 10 mbele, vuta viwiko nyuma na usahau saa. Kupoteza sekunde 30 kwa kilomita kwenye mwinuko si kosa. Kosa ni kujikunja kiunoni, kwa sababu kifua kinabanwa na kichomi hakichelewi. Kikikushika, punguza mwendo, bonyeza palipouma kwa vidole na toa pumzi yote nje mara kadhaa. Ukifika juu, usiache kujituma papo hapo. Hesabu hatua 50 kwa nguvu ileile, maana hapo ndipo wengi wanapotembea.

Mteremko unadharauliwa, na ndio unaovunja miguu. Ukitua kwa kisigino huku umeegemea nyuma, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, na kila breki inaichana kidogo. Hutasikia kitu Jumapili. Jumanne ndiyo utashuka ngazi kinyumenyume. Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, mwili ukiinama mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Mara moja kwa wiki, shuka mteremko wa mita 200 mara nne hadi sita, kwa kuwa misuli huzoea kuteremka kwa kuteremka.

Mbio ndefu ya wiki ianzie kilomita 8, iongezeke kilomita 1 au 2 kila wiki hadi 18, kisha wiki mbili za mwisho punguza. Jua la Mwanza huchomoza baadaye kuliko la Dar, hivyo saa 11 na nusu alfajiri bado ni giza. Vaa nguo nyeupe na ukimbie upande wa kulia wa barabara ili bodaboda na daladala uzione zikija usoni kwako.

Sasa raba. Wengi tunanunua mitumba, iwe soko la Mlango Mmoja au kwingine, na mitumba si tatizo kama utaikagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, haizuii tena mshtuko. Ikunje raba kwenye vidole, kisha chungulia mpaka wa soli na kitambaa. Ukiona ufa mwembamba au unga wa gundi, itaachia kilomita ya 9. Iweke mezani na uitazame kwa nyuma. Ikiwa kisigino kimelalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshakuachia mwendo wake. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba njiani na kucha hugonga kwenye mteremko. Raba mpya, hata ya bei mbaya, isionje barabara kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Chakula cha jana yake kiwe ulichozoea: wali au ugali, samaki, mboga kidogo. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni wanga mzuri wa wiki ya mazoezi, lakini asubuhi ya mbio tumbo litajaa gesi. Kunywa uji mwepesi na ule ndizi, saa mbili au tatu kabla ya mbio kuanza. Njiani, funda tatu au nne kila kituo zinatosha. Anayejaza maji kila kituo anazimua chumvi ya mwili, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, hudhaniwa kuwa kiu, basi anazidi kunywa. Ukitaka kinywaji cha nyumbani, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote viwe vijiko vya kufuta juu. Kionje kwanza kwenye mazoezi.

Paka mafuta ya mgando makwapani, katikati ya mapaja na kati ya vidole. Wanaume wabandike plasta kwenye chuchu. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakuwa msasa. Namba ya kifuani ishike kwa pini nne na usiikunje, kwani mara nyingi chipu ya kupimia muda imebandikwa nyuma yake.

Ukimaliza, usikae chini. Tembea dakika 10, kunywa, kula ndani ya saa moja. Na raba zilizolowa usizianike juu ya mwamba juani kama dagaa: joto linaua gundi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, ziweke kivulini, na ubadilishe magazeti jioni.