Kukagua kingo za uvimbe kwa ultrasaundi wakati wa upasuaji wa saratani ya titi

Daktari anayefanya upasuaji wa kuhifadhi titi hulazimika kuondoa uvimbe wote wa saratani pamoja na nyama salama inayouzunguka, na bado aache titi lenye umbo linaloridhisha. Wengi wetu tulifundishwa kuutafuta mpaka wa uvimbe kwa ncha za vidole. Vidole huhisi ugumu, lakini havitofautishi vizuri uvimbe wenyewe na mahali damu ilipovilia baada ya kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara), na hupotea kirahisi upande wa chini, karibu na msuli wa kifua. Ultrasaundi humwonyesha daktari mpaka huo akiwa bado mezani, kabla jeraha halijafungwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 134 wenye saratani ya titi inayoshikika kwa mkono. Waliopasuliwa kwa kuongozwa na ultrasaundi walikutwa na saratani vamizi, yaani iliyokwisha kupenya nje ya mirija au vitezi vya maziwa, kwenye kingo za kipande kilichoondolewa kwa asilimia 3, ilhali waliopasuliwa kwa kuongozwa na vidole walikutwa nayo kwa asilimia 17. Tena nyama iliyoondolewa ilikuwa pungufu, wastani wa sentimita za ujazo 38 badala ya 57. Kwa sisi tunaofanya kazi Moshi, tofauti hiyo ina uzito wa pekee. Mama aliyetoka Same au Mbulu, akaruhusiwa, kisha akaitwa tena kwa sababu ukingo mmoja una ugonjwa, hubeba nauli nyingine, dawa nyingine ya usingizi na wiki nyingine za kuchelewa kuanza tiba inayofuata. Wapo wasiorudi kabisa.

Kabla ya kuwasha mashine, liko jambo linalotangulia. Upasuaji wa kuhifadhi titi haukamiliki bila tiba ya mionzi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililofuatiliwa kwa miaka 20, saratani ilirudi ndani ya titi lile lile kwa asilimia 39 ya wanawake waliohifadhiwa titi bila mionzi, na kwa asilimia 14 ya waliopata mionzi. Kwa hiyo uhakika wa safari ya kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kituo kingine chenye mionzi, upatikane kabla ya kupanga tarehe, yaani nauli, mahali pa kulala na ndugu wa kumsindikiza. Pale ambapo safari hiyo haiwezekani, kuondoa titi lote ni tiba halali na salama zaidi, na nadhani mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, bila kuoneshwa kwamba amepewa kilicho duni.

Mashine yenyewe si lazima iwe ya gharama kubwa. Kinachohitajika ni probu, yaani kile kishikio kinachopitishwa juu ya ngozi, yenye uso ulionyooka na masafa ya juu, megahezi 10 hadi 15 ikiwezekana, kwa sababu masafa ya juu hutoa picha kali ya tabaka zilizo karibu na ngozi. Probu iliyopinda ya kliniki ya wajawazito haifai hapa. Imetengenezwa kuona mbali ndani ya tumbo, na kingo za uvimbe wa sentimita 2 huonekana kwayo kama ukungu. Punguza kina cha picha hadi sentimita 4 au 5, kwa kadiri titi lilivyo, na uweke fokasi kwenye usawa wa uvimbe. Probu ivalishwe mfuko uliotakaswa, na jeli iwekwe ndani ya mfuko bila mapovu ya hewa. Mfuko maalumu ukikosekana, glavu ndefu iliyotakaswa yaweza kutumika, mradi isiwe na tundu. Kamwe probu isipelekwe kwenye mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, maana joto hilo huiharibu. Sista anayesimamia vifaa aelezwe mapema kwamba ultrasaundi itatumika, ili asitafute jeli iliyotakaswa wakati mgonjwa ameshalala.

Ukaguzi wa kwanza hufanyika mgonjwa akiwa katika mkao ule ule wa upasuaji, yaani amelala chali, mkono umenyooshwa pembeni. Alama iliyochorwa mgonjwa akiwa ameketi wodini husogea pamoja na ngozi mara tu anapolazwa, na huweza kumpeleka daktari sentimita kadhaa mbali na uvimbe. Tazama uvimbe kwa pande mbili zinazokatana, ukifuata mstari wa kutoka kwenye chuchu kisha ukiukata. Chora mipaka yake juu ya ngozi, pima umbali kutoka ngozini hadi juu ya uvimbe na kutoka chini ya uvimbe hadi kwenye msuli, na uviandike vipimo hivyo mahali ambapo kila aliyemo chumbani anaviona. Probu ishikwe kwa mkono mwepesi, kwa kuwa ukiikandamiza, uvimbe utaonekana uko karibu na ngozi kuliko ulivyo.

Kwa kawaida saratani huonekana nyeusi kuliko nyama ya tezi inayoizunguka, kingo zake zimechongoka, urefu wake kwenda chini umezidi upana, na nyuma yake kuna kivuli. Sura hiyo isimdanganye mtu. Saratani zisizo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu vinavyopimwa maabara, yaani viwili vya homoni na kile cha HER2, ambazo tunazikuta mara nyingi kwa wanawake wenye umri mdogo, huweza kuwa za mviringo, zenye kingo laini, na nyuma yake pakawa peupe kama palivyo nyuma ya mfuko wa maji. Ndiyo maana majibu ya kinyama lazima yawepo kabla ya siku ya upasuaji.

Wakati wa kukata, lenga kuacha takribani sentimita 1 ya nyama salama kila upande. Kila unapokuwa na shaka, ingiza ncha ya koleo ndani ya jeraha mahali unapotaka kukata, kisha uweke probu juu ya ngozi; chuma huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli, na umbali wake kutoka kwenye uvimbe hupimika papo hapo. Adui mkubwa hapa ni hewa. Kisu cha umeme huacha viputo vidogo ndani ya nyama, navyo huifunika picha kwa weupe, kwa hiyo ni busara kukagua kabla ya kukitumia sana na kulijaza jeraha maji ya chumvi yaliyotakaswa kila unapotazama. Hata sindano ya dawa ya ganzi itolewe hewa yote kabla ya kuchoma.

Hatua ninayoomba isirukwe kwa sababu yoyote ni ukaguzi wa kipande kilichoondolewa. Kabla hakijaachana kabisa na titi, kifungwe nyuzi za kuonyesha pande: uzi mfupi upande wa juu na mrefu upande wa nje, au kwa namna yoyote mliyokubaliana na daktari wa patholojia, ilimradi iandikwe kwenye fomu. Kipande kilichotoka bila alama hakina tena juu wala chini, na ukingo ukikutwa na ugonjwa hakuna atakayejua ni wapi pa kurudi. Kiweke kwenye bakuli la maji ya chumvi, kizame, na uipitishe probu ndani ya maji bila kukigusa. Kikague pande zote sita: juu, chini, ndani, nje, mbele na nyuma. Usikilaze juu ya meza na kukikandamiza, kwani nyama ya titi ni laini na hutandazika kama donge la unga, na ukingo wa nyuma uliokuwa na milimita 8 ukaonekana una 3. Uvimbe wote uonekane umo ndani ya kipande, na vipimo vyake vilingane na vile vilivyoandikwa mwanzoni. Visipolingana, sehemu yake huenda imebaki.

Tafuta mahali ambapo umbali ni mdogo kuliko kote na uupime. Mimi hupendekeza kwamba upande wowote wenye chini ya milimita 5 ukatwe nyama ya ziada wakati huo huo, nayo ifungwe kivyake, iwekwe uzi upande wa ukingo mpya na iandikwe jina la upande ilikotoka. Milimita hizo 5 ni kipimo cha kazi cha mezani tu. Uamuzi wa mwisho ni wa hadubini, ambapo kwa saratani vamizi inatosha wino uliopakwa kwenye ukingo usiguse chembe za saratani, kama mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 ulivyoeleza, na kwa saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa hutakiwa milimita 2. Kisha jaza jeraha maji na utazame kuta zake mara moja kabla ya kufunga.

Ziko saratani ambazo njia hii haizioni vizuri. Ile iliyo ndani ya mirija pekee, inayojulikana kwa vichembe vya chokaa kwenye mamogramu (eksirei ya titi), mara nyingi haionekani kabisa kwa ultrasaundi, na kipande chake kinahitaji kupigwa mamogramu. Saratani inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa (lobula) husambaa kwa nyuzi nyembamba kupita mpaka unaoonekana. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa za saratani kabla ya upasuaji awekewe alama ndogo ya chuma ndani ya uvimbe mapema, kwa maana uvimbe unaweza kuyeyuka pasibaki cha kutazama.

Haya yote mgonjwa ayasikie kabla hajatia sahihi, kwa maneno ya kawaida: “Mama, tutautoa uvimbe na kuukagua kwa mashine hapo hapo, lakini jibu kamili linatoka maabara, na yawezekana tukakuita tena.” Asiahidiwe zaidi ya hapo.

Ukaguzi ukikamilika, kipande kisiachwe bakulini hadi upasuaji mwingine uishe. Kiingizwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini iwe mara kumi ya ujazo wake, na kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72, kwani vipimo vya vipokezi vya homoni huharibika kikicheleweshwa. Siku ya Ijumaa jioni hesabu hiyo ya saa hutakiwa ifanywe kwa makini, na maabara ipigiwe simu kabla watu hawajaondoka. Kwenye fomu andika pia umbali uliopimwa kwa ultrasaundi kila upande, ili majibu yatakaporudi timu ilinganishe kilichoonekana mezani na kilichoonekana kwenye hadubini, mgonjwa kwa mgonjwa.