Ramani ya barabara au ya kontua? Namna ya kuchagua ramani ya GPS ya mkononi ukiwa Tanga

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Leo niko Tanga mjini, kesho niko Amani, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, na GPS haibanduki kiunoni. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza swali lile lile: "Kaka, ninunue ramani ipi, ya barabara au ya kontua?" Kontua ni ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Hapa nawajibu kama ninavyowaelekeza tukiwa pamoja, kifaa kikiwa mezani.

Hatua ya 1: Anza na safari zako

Usikimbilie dukani. Chukua karatasi, andika safari zako kumi za mwisho, na mbele ya kila moja andika kilichokutatiza njiani. Kama mara nyingi ulikuwa unajiuliza "nikate kulia au kushoto?", wewe ni mtu wa ramani ya barabara. Kama ulikuwa unajiuliza "huko mbele kuna bonde, au ni mgongo wa mlima?", unahitaji kontua.

Anayepeleka mizigo kwa pikipiki kutoka Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba, mpaka Ras Kazone au Pongwe, ramani ya barabara inamtosha kabisa. Asitumie hela yake kwingine.

Hatua ya 2: Jua kila ramani imebeba nini

Ramani ya barabara ni mtandao. Kila njia panda imeunganishwa na nyingine, na kila kipande kimeandikiwa kama ni barabara kuu au kichochoro, na kama kinapitika pande zote mbili. Ndiyo maana kifaa kinaweza kukupangia njia na kukuambia pinda hapa.

Ramani ya kontua imebeba sura ya nchi: kimo, mito, misitu, vilele. Nyingi zina barabara pia, ila baadhi zimezichora tu, hazikuunganishwa, na kifaa hakiwezi kukupangia njia juu yake. Muulize muuzaji jambo hilo kabla hujalipa.

Mimi sikuuliza. Mwaka wangu wa kwanza duka moja liliniuzia memori kadi yenye ramani kwa maneno kwamba ni "ramani kamili ya Afrika Mashariki". Ilikuwa ya barabara tupu. Siku moja, juu ya Zigi, penye lango la kuingilia msitu wa Amani, nikiwa na wageni wawili, kifaa kikaonyesha kwamba nyumba tuliyokuwa tunaiendea iko mita 900 mbele yetu. Skrini ilikuwa nyeupe, mshale tu. Tukaufuata mshale. Katikati palikuwa na korongo. Tulishuka tukishikilia mizizi, tukavuka mto, tukapanda upande wa pili kwa mikono na magoti, na giza likatukuta bado tuko porini. Mgeni mmoja alikuwa mama mtu mzima mwenye goti bovu. Uso wake jioni ile sijausahau, na ndiyo sababu naandika haya. Ramani ya kontua ingenionyesha lile korongo kabla hatujafunga viatu.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma kontua kabla ya kuzinunua

Hapa usiwe na haraka, maana watu wengi wananunua ramani nzuri halafu wanaiona kama nywele zilizomwagika kwenye skrini.

Tazama kwanza tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari. Tuseme ni mita 20. Lango la Zigi liko kwenye kimo cha mita 450 hivi, na Amani kwenye mita 900 hivi. Ukihesabu kutoka chini mpaka juu utapita kama mistari 22. Sasa angalia ilivyokaa: ikiachana, utapanda polepole, ikibanana mpaka inakaribia kugusana, hapo ni ukuta, zunguka. Mistari ikikunjika kama ncha ya mkuki, na ncha ikatazama juu mlimani, hilo ni bonde, na mara nyingi lina maji. Ncha ikitazama chini, huo ni mgongo, na migongo ndiko wenyeji walikopitisha njia zao nyingi.

Ukishajua hilo unaweza kukadiria muda. Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya kilomita 5 yenye kupanda mita 450 itakula saa 1 na dakika 45. Ukiwa na wageni na mizigo, na matope ya masika, ongeza tena.

Tahadhari moja. Ramani nyingi za bure huchora kontua kwa vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Penye msitu mnene rada ile haikufika chini yote. Kimo kinachoandikwa kinaelekea kuwa cha vilele vya miti, si cha ardhi. Kwa hiyo vikorongo vidogo vya Amani vinaweza kufutika kabisa. Iamini ramani kwa milima, lakini kwa kijito kilicho mbele ya miguu yako amini macho na mwenyeji.

Ukanda wa kuelekea Pangani ni tambarare. Kontua za mita 20 hazitakuambia mengi. Na kwa ndugu zangu wa ngalawa: hakuna kati ya hizi mbili inayoonyesha miamba na vina vya bahari. Msiende nazo baharini.

Hatua ya 4: Ijaribu ramani mahali unapopajua

Fungua ramani kwenye kompyuta, kwa programu kama BaseCamp kwa wenye vifaa vya kampuni ya Garmin. Tafuta sehemu tatu: mtaa wako, kijiji cha bibi yako, na njia ya miguu uliyoipita mwenyewe. Mtaa ukiwepo na kijiji kikakosekana, umeshapata jibu.

Kabla ya kununua jaribu zile zinazotokana na OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambamo mtu yeyote anaweza kuchora. Njia ikikosekana, itembee huku kifaa kikirekodi, kisha uichore. Nami nafanya hivyo.

Hatua ya 5: Iweke kwenye kifaa

Kwa Garmin, ramani ni faili lenye mwisho wa .img, linawekwa ndani ya folda ya Garmin kwenye memori kadi. Vifaa vya zamani vinasoma faili moja tu, na lazima liitwe gmapsupp.img. Nakili lile la zamani kwanza, usije ukalifuta.

Ukiwa nazo zote mbili, washa moja, zima nyingine. Zikiwaka pamoja, ya juu huifunika ya chini, na utadhani kontua zimepotea. Halafu badilisha na namna ya kuongozwa: mjini iwe kwa kufuata barabara, mlimani iwe moja kwa moja, la sivyo kifaa kitakung'ang'aniza urudi barabarani.

Mwenye hela ya moja tu, na simu yake ina ramani ya barabara iliyopakuliwa: nunua ya kontua.

Hatua ya 6: Linganisha na karatasi

Ramani za karatasi za 1:50,000 tunazorithishana zimetumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Ukisoma namba za mahali kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha mfumo, utakosea kwa takriban mita 300. Milimani huo ni upande wa pili wa bonde. Badilisha kwenye mipangilio kabla ya kuingiza namba, kisha urudishe.

Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, zisilowe. Na asubuhi, kabla hamjaondoka, simama mlangoni mwa nyumba mtakayolala, subiri kifaa kishike setilaiti vizuri, uweke alama hapo.