Jinsi ya kutengeneza chambo cha kijiko cha kuvulia kambale

Kambale wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, hasa pale mito ya Ruvu na Kikuletwa inapoingiza maji ya tope, hategemei macho. Anawinda kwa sharubu na kwa mtikisiko wa maji. Ndiyo maana hapa Moshi sipotezi muda kukipaka chambo rangi. Kazi yangu yote ni kukifanya kiyumbe vizuri. Ufundi huu ni wa zamani: Mmarekani Julio Buel alipata hataza ya chambo cha kijiko mwaka 1852.

1. Kijiko. Tafuta kijiko kikubwa cha kulia, kizito, kisichoshika kutu. Mimi huchambua kwenye mafungu ya vyombo vya mitumba. Cha alumini hutoboka upesi, lakini ni chepesi mno: hakirushiki mbali na huzama polepole.

2. Kukata. Kibane kwenye jiliwa, kata mpini wote kwa msumeno wa chuma. Piga kingo tupa, kisha msasa. Hapa usilipue kazi, maana kingo kali hukata vidole na nailoni.

3. Matundu. Yanatakiwa mawili: la mshipi kwenye ncha nyembamba, la ndoana upande ulikokuwa mpini, kila moja milimita 4 hivi kutoka ukingoni. Gonga alama kwanza kwa msumari wa zege ili biti isiteleze. Tumia biti ya milimita 3, zungusha drili polepole, dondoshea mafuta ya mashine. Ukienda kasi, chuma kinapata moto, kinakuwa kigumu zaidi, na biti inakufa. Matundu yawe katikati kabisa. Likienda pembeni kidogo tu, kijiko kitazunguka kama pia na mshipi wote utasokoteka.

4. Kuunga. Pete ndogo za funguo zinatosha. Ingiza moja kila tundu, kisha ndoana ya meno matatu kwenye pete ya nyuma. Meno ya kambale ni madogo lakini yanakwaruza kama msasa, hivyo mbele ya kijiko funga nusu mita ya nailoni nene. Kufunga: pitisha ncha kwenye pete, izungushe mara tano kwenye mshipi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi kilicho jirani na pete, lowesha kwa mate, kaza. Ukikaza nailoni kavu, inaungua na kudhoofika.

5. Jaribio. Jaza pipa maji, vuta kijiko taratibu. Kinatakiwa kiyumbe kushoto na kulia kama mkia wa samaki aliyejeruhiwa. Kikija kimelala tu, ongeza mkunjo kidogo kwa koleo, jaribu tena. Kimoja kimewahi kunichukua jioni nzima, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Ukihitaji uzito, funga nati ya chuma kwenye mshipi. Tafadhali usiyeyushe risasi ya betri za gari nyumbani. Ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Kabla ya kwenda, ulizia leseni kwa ofisa uvuvi, kwani bwawa limewahi kufungwa ili samaki wazaliane. Simama mbali na matete, mamba wapo.

Giza likianza kuingia, rusha, acha kizame hadi mshipi ulegee, vuta kidogo, pumzisha. Mshipi ukiwa mzito ghafla kana kwamba umenasa gogo, kaza hapo hapo.